UTAYARISHAJI WA VIDEO KWA AJILI YA MTANDAO: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kupokea na kutangaza video, pamoja na wananchi wanaopeleka video zao katika afisi za umma, wanapewa maelezo haya ili kazi hiyo ifanyike bila ya kumtia hasara mtazamaji.

Video inayotoka katika simu au kamera huwa nzito mno kwa mtandao. Ikiwa imerekodiwa kwa biti milioni 16 kwa sekunde, dakika 10 zake ni megabaiti 1,200. Ikishushwa hadi biti milioni 1.6, dakika hizo hizo huwa megabaiti 120. Tofauti hiyo huilipa mwananchi, kwani ndiye anayenunua kifurushi cha simu. Tangazo la chanjo ambalo mkulima ameshindwa kulifungua kwa uzito wake haliwezi kuhesabiwa kuwa limemfikia.

Aidha, simu nyingi za sasa huweza kurekodi kwa mfumo wa H.265, ambao baadhi ya vivinjari haviufungui. Mfumo unaokubalika takriban kila mahali ni picha za H.264, ulioidhinishwa mwaka 2003, na sauti za AAC, ndani ya faili la MP4.

Programu inayofaa kwa kazi hii ni FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, nayo hupatikana bila ya malipo. Haina vitufe vya kubonyeza. Amri huandikwa kwa herufi. Jambo hilo huwatisha wengi bila ya sababu, kwani amri ikishaandikwa sawa hutumika kwa faili la kwanza na la mia, ikibadilishwa majina tu:

ffmpeg -n -i mkutano.mov -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart mkutano.mp4

Alama ya -n huzuia kufutwa kwa faili lenye jina hilo hilo lililokwishakuwapo. Sehemu ya scale huweka kimo cha picha kuwa pikseli 720 na kuuacha upana ufuate uwiano wake; kwa video iliyorekodiwa kwa wima iandikwe scale=720:-2. Namba ya crf ndiyo mizani ya ubora: ikiongezwa kwa 6, ukubwa wa faili hupungua kwa takriban nusu, na picha hufifia. Ieleweke kwamba hotuba ya mtu aliyekaa mezani hupungua zaidi kuliko resi za ngalawa, kwa kuwa maji na matanga hayatulii.

Sehemu ya faststart husahauliwa mara nyingi. Faili la MP4 lina fahirisi yake, ambayo kwa kawaida huandikwa mwishoni. Amri hii huihamishia mwanzoni, na video huanza kuonekana kabla ya faili lote kushuka.

Kabla ya kubadilisha, faili lichunguzwe kwa amri ya ffprobe. Likionekana kuwa tayari lina H.264 na AAC, na uzito wake si mkubwa, hakuna haja ya kulisaga upya. Itatosha kuhamisha yaliyomo, kazi ya sekunde chache isiyopunguza ubora wowote:

ffmpeg -n -i mkutano.mov -c copy -movflags +faststart mkutano.mp4

Inasisitizwa kwamba faili la asili lisifutwe. Kila ubadilishaji wa namna ya kwanza hupoteza sehemu ya picha isiyoweza kurejeshwa, na video ya kikao au ya mpaka wa shamba inaweza kuhitajika kama ushahidi baada ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo, wanaopeleka video wanaombwa walete faili lenyewe kutoka katika simu au kamera, si nakala iliyopitia WhatsApp, kwani hiyo imekwishabanwa na hakuna amri itakayorejesha kilichopotea. Faili la asili lihifadhiwe katika diski mbili zilizowekwa majengo tofauti, likiwa na tarehe na jina la mahali.