Tabianchi, Kawi na Kauli ya Mkulima wa Chai: Lugha ya Hojaji katika Kericho na Bomet

Utangulizi

Katika somo la isimujamii tunafundishwa kwamba neno halibebi maana ile ile kwa wasikilizaji wote. Jambo hili hukubaliwa darasani bila ubishi, lakini husahaulika mara tu mtafiti anaposhika hojaji na kwenda nyanjani. Makala haya yanachunguza namna istilahi mbili za Kiswahili, "tabianchi" na "nishati", zinavyoweza kupotosha maoni ya umma kuhusu mazingira. Eneo la mfano ni Kericho na Bomet, nchi ya majani chai. Hoja yetu ni kwamba hojaji iliyotungwa kwa istilahi hizo hupima msamiati wa mhojiwa kabla ya kupima maoni yake. Kosa hili lina gharama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala, nayo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inataka umma ushirikishwe. Mkulima akiandikwa kwamba "hajui", hesabu hiyo ndiyo itakayosomwa na mpangaji wa bajeti.

Neno na jibu: mfano wa Marekani

Tuanzie mbali kidogo, Marekani, kwa kuwa huko athari ya uteuzi wa neno imepimwa waziwazi. Mwaka 2002 Frank Luntz, mshauri wa mawasiliano wa chama cha Republican, aliandika waraka akiwashauri wanasiasa wa chama hicho waseme "mabadiliko ya tabianchi" badala ya "ongezeko la joto duniani", kwa sababu usemi wa kwanza hautishi sana. Huo ulikuwa ushauri wa mtu wa siasa, lakini miaka michache baadaye wanazuoni waliupa uzito wa takwimu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Schuldt, Konrath na Schwarz waliwagawa wahojiwa makundi mawili. Swali lilikuwa moja, ila kundi moja liliulizwa kwa usemi huu na kundi la pili kwa usemi ule. Asilimia 74.0 walikubali kwamba "mabadiliko ya tabianchi" yapo, lakini ni asilimia 67.7 tu waliokubali kwamba "ongezeko la joto duniani" lipo. Miongoni mwa wafuasi wa Republican pengo lilikuwa kubwa zaidi: asilimia 60.2 dhidi ya 44.0. Wafuasi wa Democratic hawakuyumba, 86.9 dhidi ya 86.4.

Msomaji azingatie kwamba hewa ya Marekani ilikuwa moja kwa makundi yote mawili. Kilichobadilika ni maneno. Tena, tafiti za huko huonyesha mara kwa mara kwamba Wamarekani wanaounga mkono umeme wa jua ni wengi kuliko wanaokubali kwamba binadamu ndiye chanzo kikuu cha ongezeko la joto. Kitu kinachoonekana juu ya paa hukubalika kwa urahisi kuliko jina la nadharia.

"Tabianchi" masikioni mwa mhojiwa

Barani Afrika, shirika la Afrobarometer liliuliza katika nchi 34, kati ya mwaka 2016 na 2018, kama watu wamewahi kusikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Asilimia 58 walisema wamesikia. Waliotimiza masharti yote ya kuhesabiwa kuwa na ujuzi wa suala hilo, yaani wamesikia, wanayahusisha na madhara na wanatambua mchango wa binadamu, walikuwa asilimia 28 tu. Takwimu hizi hunukuliwa sana. Ni nadra, hata hivyo, anayezinukuu kuuliza mhojiwa alisikia neno gani hasa katika lugha yake.

Kiswahili kina majina kadhaa kwa dhana hii na jirani zake: "hali ya hewa", "hali ya anga", "tabia ya nchi", "tabianchi". Mawili ya mwanzo hutumika zaidi kwa mvua na jua la siku kwa siku, ingawa magazeti ya Kenya huandika pia "mabadiliko ya hali ya anga" pale mengine yanapoandika "mabadiliko ya tabianchi". "Tabianchi" ni ambatani ya nomino mbili iliyodondosha kihusishi, kama ilivyo "isimujamii". Kimofolojia haina kasoro. Tatizo lipo katika viungo vyake. "Tabia" lilitokana na Kiarabu, ambako lina maana ya maumbile, na maana hiyo ndiyo iliyowaongoza walioiunda istilahi. Lakini katika Kiswahili cha kila siku tabia ni ya mtu: mtoto ana tabia nzuri, jirani ana tabia ya kuchelewa. "Nchi" nayo, kwa Mkenya wa leo, ni dola yenye rais na bunge kabla ya kuwa ardhi na anga. Mzee wa Konoin anayeulizwa kwa mara ya kwanza kama "tabia ya nchi imebadilika" ana haki kabisa ya kujibu kuhusu ufisadi.

Je, tutumie "ongezeko la joto duniani", ambalo kila mmoja analielewa? Kwa Kericho, hapana. Mashamba ya huko yapo kwenye nyanda za juu zenye baridi, na Januari 2012 jalidi iliunguza majani chai katika maeneo mengi ya Kenya, Kericho ikiwemo. Mtu aliyeona michai yake imekuwa ya kahawia kwa sababu ya baridi ataliona neno "joto" kuwa dhihaka. Na kumbe hakuna mgongano: jalidi huja usiku wa kiangazi, anga likiwa halina wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee. Kukauka kwa mchana na kuganda kwa usiku ni ndugu. Hojaji haina nafasi ya kueleza hayo.

Mkulima anajua nini?

Si kwamba wakazi wa huko hawana maoni. Kericho ni miongoni mwa mahali duniani panaponyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mwaka 1965 zilihesabiwa siku 132 za mvua hiyo. Katika miaka ya 1960 roketi zilirushwa mawinguni ili kuivunja. Watu waliokulia chini ya anga hilo hulitazama kwa makini. Katika Kikalenjin, Wakipsigis wakiwemo, mwaka hugawanywa kwa msimu wa mvua, "iwotet", na kiangazi, "kemeut", neno linalobeba pia maana ya ukame. Ukiuliza kama kemeut imerefuka au imehama mahali pake katika mwaka, utakuwa umeuliza kuhusu tabianchi bila kuitaja.

Wataalamu wenyewe walibishana juu ya Kericho. Mwaka 2002 Hay na wenzake waliandika kwamba hawakuona badiliko la maana la halijoto huko, katika mjadala kuhusu kurejea kwa malaria nyanda za juu. Mwaka 2011 Omumbo na wenzake walizipitia upya rekodi za kituo cha Kericho na kukuta halijoto imepanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila muongo, kwa miongo mitatu hadi 2009. Wanasayansi walitofautiana kwa miaka tisa, nasi tunamtaka mchuma chai atoe jibu la ndiyo au la mlangoni pake!

Yako pia maneno yanayoonekana rahisi kumbe yana donda ndani. Mtu akiulizwa Bomet kama anaunga mkono "kuhifadhi Msitu wa Mau", hawezi kulitenga swali hilo na watu waliohamishwa kutoka msituni mwaka 2009 na tena 2018. Anayejibu "siungi mkono" huenda anapenda mvua na mito kuliko anayemhoji. Anachokataa ni kuhamishwa. Mchanganuzi wa takwimu aliye Nairobi hataliona hilo.

Nishati, kawi, stima

Upande wa nishati, hata jina halijakubaliwa. Tanzania husema "nishati". Nchini Kenya vyombo vya habari husema "Wizara ya Kawi". Nyumbani hakuna linalotumika. Kuna kuni, makaa, gesi, mafuta taa na stima. Swali "unapendelea aina gani ya nishati?" humlazimisha mhojiwa kutafsiri kwanza, kisha ajibu.

Ilhali mkulima mdogo wa Kericho au Bomet ana sababu ya kuwa na msimamo mkali kuhusu kawi, kwani kiwanda ni chake. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama vile Litein na Momul upande wa Kericho, au Kapkoros na Mogogosiek upande wa Bomet, vinamilikiwa na wakulima wenye hisa. Majani hukaushwa kwa joto la mvuke, na mvuke huo hutokana hasa na kuni za mikaratusi. Mitambo huendeshwa kwa stima. Gharama zote mbili hutolewa kabla bonasi haijagawanywa. Kwa hiyo maoni ya umma kuhusu kawi yamo ndani ya malalamiko kuhusu bonasi, na mtafiti asiyeuliza kuhusu bonasi hatayapata. Mto nao ni sehemu ya maoni hayo. Nyangores huzalisha umeme wa hospitali ya Tenwek, na maji ya Kipsonoi na Yurith huungana kuwa Sondu, unaoendesha kituo cha Sondu Miriu cha megawati 60. Kituo hicho hutegemea mtiririko wa mto bila bwawa kubwa la akiba, hivyo kiangazi kirefu hupunguza umeme wake.

Zoezi la nyanjani

Tunapendekeza kwa wanafunzi wenzetu, hasa wanaosoma tafsiri na isimujamii, zoezi linalofuata njia ya Schuldt na wenzake. Kijiji kimoja kigawanywe nusu mbili kwa bahati nasibu. Nusu ya kwanza iulizwe: "Je, umewahi kusikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi?" Nusu ya pili iulizwe: "Ukilinganisha na ulipokuwa kijana, je, mvua huanza wakati ule ule? Jalidi na mvua ya mawe huja miezi ile ile?" Kisha: "Je, serikali inajali nishati endelevu?" dhidi ya "Kiwanda chenu kinunue kuni zaidi, au kijenge mtambo wa umeme mtoni hata kama bonasi itapungua kwa miaka michache?"

Pawe na toleo la Kiswahili na la Kipsigis, na mfasiri wa toleo la pili asioneshwe matini ya Kiingereza, bali aifanyie kazi ya Kiswahili. Majibu ya "sijui" yahesabiwe kwa kila toleo na kwa kila umri, maana yumkini vijana waliosoma "tabianchi" shuleni watajibu matoleo yote mawili sawasawa. Kwa wazee, hasa akina mama ambao hawakupata masomo hayo, tofauti huenda ikawa kubwa kuliko ile ya wafuasi wa Republican.