Tovuti Nyepesi kwa Biashara Yako: Acha Seva Ifanye Kazi, Simu ya Mteja Ionyeshe Tu

Una duka pale Soko Mugdi, Garissa, na wateja wako wengine wako Dadaab, Bura au Modogashe. Tovuti inaweza kukupunguzia zile simu za "hii ni pesa ngapi?" na kumwezesha mteja kuagiza na kulipa akiwa huko huko. Lakini mtandao ukishuka hadi ile herufi E juu ya simu, tovuti nyingi hukwama. Duara linazunguka, bando linaisha, mteja anaenda kununua kwingine.

Mara nyingi mtandao si wa kulaumiwa peke yake. Tovuti yenyewe imebebeshwa mzigo usiohitajika. Leo tutajifunza mzigo huo ni upi, na vipi kuutua bila kupoteza mauzo wala kumlipisha mteja mara mbili.

Njia hii tayari unaijua

Unapobonyeza nyota, nambari na alama ya reli kuangalia salio, simu yako haihesabu chochote. Inatuma ombi, kompyuta za kampuni zinafanya kazi, kisha jibu linarudi likiwa maandishi matupu. Skrini moja ya menyu hiyo haizidi herufi 182, na hata kabambe inaweza kuionyesha.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, ilikuja kama menyu iliyokaa ndani ya laini. Haikuhitaji simu ya bei wala bando. Hiyo ni sababu moja iliyoifanya ifike mpaka vijijini.

Tovuti nayo inaweza kujengwa hivyo. Kazi nzito ifanywe na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako. Simu ipokee ukurasa uliokwisha kupikwa.

Mzigo unatoka wapi?

Ukurasa una sehemu tatu kuu. HTML ni maneno na mpangilio wake. CSS ni rangi na mapambo. JavaScript ni skripti, yaani maagizo ambayo simu ya mteja lazima iyapakue, iyasome na kuyatekeleza. Tovuti nyingi za siku hizi hutuma ukurasa mtupu pamoja na furushi la skripti, kisha simu ndiyo inayojenga ukurasa. Simu ya bei nafuu inachoka na kupata joto, huku mteja akitazama skrini nyeupe.

Tupige hesabu. Tuseme mtandao wa E unatoa kilobiti 200 kwa sekunde:

- Ukurasa wa KB 100 unafika kwa sekunde 4 hivi.
- Ukurasa wa MB 2 unachukua sekunde 80 hivi, hata kabla simu haijaanza kusoma skripti.

Na skripti wakati mwingine haifiki kabisa. Mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilipima wageni wa tovuti yake na kukuta kwamba takriban mtu 1 kati ya 93 hakupata JavaScript. Wengi wao hawakuwa wameizima; ilishindwa kufika au kufanya kazi kwa sababu nyingine. Ikiwa hivyo ni Uingereza, fikiria mteja aliye kwenye matatu katikati ya Garissa na Dadaab.

Hatua nne za kupunguza uzito

1. Maneno kwanza. Jina la duka, bidhaa, bei, saa za kufungua na nambari ya Till viwe maandishi ya kawaida. Usiviweke ndani ya picha ya bango. Picha ikikwama, bei bado itasomeka.

2. Punguza picha. Picha moja ya simu inaweza kuwa na MB 3 au zaidi. Ipunguze upana hadi pikseli 600 hivi kabla ya kuiweka, na uzito wake utashuka sana. Mwambie fundi aandike vipimo vya kila picha kwenye HTML, ili ukurasa usirukeruke mteja akabonyeza kitu ambacho hakukitaka.

3. Tumia fomu ya kawaida. Fomu ya HTML inajua yenyewe kukataa nafasi iliyoachwa wazi, na inaweza kufungua kibodi ya nambari mteja anapojaza nambari ya simu. Haihitaji skripti hata mstari mmoja.

4. Skripti iwe nyongeza. Unataka jumla ijihesabu mteja akiongeza bidhaa? Sawa. Lakini skripti isipofika, kitufe cha "Agiza" bado kifanye kazi. Tena, jumla ya mwisho ihesabiwe na seva kila mara. Bei iliyohesabiwa kwenye simu ya mteja inaweza kubadilishwa na mtu mjanja, akalipia dera la shilingi 1,800 kwa shilingi 18.

Kwenye malipo, kuwa makini zaidi

Hapa ndipo tovuti nzito inapoumiza watu. Mteja anabonyeza "Lipa", haoni kitu, anabonyeza tena. Ombi la PIN linakuja mara mbili, naye anaweka PIN mara mbili. Dera la 1,800 limemgharimu 3,600, na wewe una mteja mwenye hasira.

Mpangilio ulio salama ni huu:

- Kabla ya ukurasa wa malipo kufunguka, seva iupe ununuzi nambari yake ya oda.
- Mteja akibonyeza "Lipa", seva itume ombi moja kwa oda hiyo. Akibonyeza tena wakati ombi la kwanza linasubiri, seva ilitambue na isitume la pili.
- Seva impeleke mara moja kwenye ukurasa mwingine ulioandikwa: "Tunasubiri malipo ya oda yako. Angalia simu yako." Hivyo hata akifungua ukurasa upya, hatakuwa ametuma oda mpya.
- Ukurasa huo unaweza kujifungua upya kila baada ya sekunde 10 kwa agizo moja la HTML, bila skripti. Weka pia kiungo cha "Angalia kama malipo yamefika".
- Oda ihesabiwe imelipwa pale tu seva yako inapopata uthibitisho kutoka kwa kampuni ya malipo. Picha ya SMS aliyotuma mteja haitoshi.

Na hili likumbukwe na muuzaji na mnunuzi pia: PIN huwekwa kwenye ombi linalotokea kwenye simu yenyewe. Tovuti yoyote inayokuomba uandike PIN ndani ya ukurasa wake, ifunge hapo hapo.

Jipime mwenyewe kwa dakika tano

1. Nenda kwenye mipangilio ya simu, badilisha mtandao uwe 2G.
2. Kwenye kivinjari, zima JavaScript. Katika Chrome iko ndani ya mipangilio ya tovuti.
3. Fungua tovuti yako. Je, unaona bei kabla ya sekunde 10 kwisha?
4. Agiza kitu kimoja mpaka ombi la PIN litokee. Umefika?
5. Bonyeza "Lipa" mara mbili haraka haraka. Ombi limekuja mara ngapi?

Ukikwama hatua yoyote, mpelekee fundi wako majibu haya kama yalivyo. Kama bado hujajengewa tovuti, yaweke kwenye makubaliano kabla hujalipa: ukurasa wa kwanza usizidi KB 100 bila picha, oda ikamilike bila JavaScript, na mbonyezo wa pili usizae malipo ya pili.

Ukimaliza, usisahau kurudisha mtandao wa simu yako na kuwasha JavaScript. Kisha mwombe mteja mmoja aliye mbali na mji aagize kitu. Simu yake ndiyo itakayokupa jibu la kweli.