Wapagazi wa Kariakoo

Aghalabu mtu asikiapo neno shujaa, fikira zake humwendea mtu mwenye mkuki au bunduki, aliyewashinda adui wengi akarudi kwao kwa ngoma na vigelegele. Maana hiyo si mbaya, ila ni nyembamba. Yafaa ipimwe kwa kuwatazama watu ambao kazi yao haikuwa kupigana kamwe, nao ni wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki.

Katika vita hivyo Waingereza waliwafuata Wajerumani tangu mpaka wa Kenya, wakavuka mto Rufiji, wakaingia hata Msumbiji. Reli ziliachwa nyuma. Motokaa zilizama matopeni, na farasi na ng'ombe wakafa kwa kuumwa na mbung'o. Kilichobaki ni vichwa na mabega ya wanadamu. Basi katika Kenya peke yake waliandikwa watu zaidi ya 100,000, na kikosi chao, Carrier Corps, kikapata jina lake vinywani mwa watu: Kariakoo.

Na afanye msomaji hesabu ndogo, ndipo atakapoona jinsi watu hao walivyokuwa nguzo ya jeshi. Tuseme mpagazi amechukua ratili 50 za unga, naye hula ratili 2 kila siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa amekwisha kula ratili 48. Askari aliye mbele atapata ratili 2 tu. Kwa hiyo kila hatua ya jeshi kwenda mbele ilitaka wapagazi wengine, na wengine tena nyuma yao.

Risasi hazikuwa adui wao mkubwa. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Walikuwamo waliozoea ndizi au mtama, wakapewa unga wa mahindi. Na mtu aliyetembea mvuani kutwa nzima hakuwa na kuni kavu wala nafasi ya kuupika hata ukaiva. Unga mbichi uliwaharibu matumbo. Kesho yake alfajiri mzigo ulikuwa ukingoja.

Hapa yumkini mtu atauliza: wengi wa watu hao hawakujitolea, bali walikusanywa kwa amri, hasa katika mkusanyo mkubwa wa mwaka 1917, je, aliyelazimishwa aweza kuitwa shujaa? Swali hilo ni la haki, wala halipasi kufunikwa. Vita havikuwa vyao, na waliokimbilia porini wasichukuliwe hawastahili kuchekwa. Lakini amri yaweza tu kumtwisha mtu mzigo. Majeruhi walichukuliwa kwa machela siku nyingi, watu wakipokezana, katika njia za utelezi na mito iliyofurika. Kukanyaga kwa uangalifu ili mgonjwa asitupwe, hali miguu yako mwenyewe imejaa vidonda, hakuna afisa awezaye kukuamuru. Jambo hilo hutoka moyoni mwa mtu.

Malipo yao yalikuwa haba. Tena mishahara ya wengi waliofia mbali haikuwafikia jamaa zao, wala majina yao hayakuchorwa juu ya mawe kama ya maafisa. Mwaka 1928 sanamu iliwekwa katika Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, na mpagazi amesimama humo pamoja na askari. Hiyo ni heshima ya haki. Lakini sanamu moja haimwambii mjane mume wake alizikwa wapi. Ilikuwa mwaka 2021, baada ya miaka zaidi ya mia, ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao, ikaomba radhi.

Jina la kikosi halikupotea. Liko Nairobi katika mtaa wa Kariokor, na Dar es Salaam katika soko la Kariakoo, mahali ilipokuwa kambi ya wapagazi. Makondakta hulitaja kutwa wakiita abiria, na chini ya madirisha ya magari wachukuzi hupita na mizigo yao, wakiomba njia.