Barafu juu ya mabawa

Watoto wanaokaa karibu na mlima Ruwenzori wameona kilele chake cheupe. Weupe ule ni theluji na barafu. Barafu ni nini? Ni maji yaliyoganda kwa baridi na kuwa magumu kama jiwe. Katika Ulaya, wakati wa baridi, barafu hushika hata mabawa ya ndege zinazochukua watu.

Bawa la ndege lina umbo lake, na kwa umbo hilo upepo huliinua. Barafu ikilishika, umbo huharibika, na ndege hairuki vema. Kwa hiyo mafundi huyamwagia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu mbele ya safari.

Sikieni habari iliyotokea katika nchi ya Uswidi, siku ya 27 Desemba 1991.

Ndege moja ililala nje usiku kucha katika kiwanja cha Stockholm. Ndani ya mabawa yake mlibaki mafuta yenye baridi kali, kwa kuwa juu angani ni baridi sana. Mvua na theluji ziliponyesha, maji yakaganda juu ya mabawa. Asubuhi mafundi wakamwaga dawa, lakini barafu nyingine ilibaki. Ilikuwa safi kama kioo. Jicho halikuiona; mkono tu ungaliitambua.

Ndege ikaruka na watu 129. Mabawa yakapindika kidogo, barafu ikabanduka na kutupwa nyuma. Nyuma ndiko zilikokuwa injini mbili. Zikameza barafu ile, vyuma vyake vikavunjika. Hazikupita dakika mbili, zote mbili zikazimika.

Ndege isiyo na injini haianguki kama jiwe. Huteremka kama mwewe asiyepiga mabawa, ila haiwezi kupanda tena. Rubani, jina lake Stefan Rasmussen, alijua hayo, wala hakupotewa na akili. Rubani mwingine, aliyekuwa msafiri tu siku ile, akaja mbele kumsaidia. Watumishi wa ndege wakawaamuru watu wainame. Walipotoka katika mawingu, rubani akaona shamba karibu na kijiji cha Gottröra, akaielekeza ndege huko. Ikapiga miti, bawa la kuume likakatika, ikaanguka shambani na kuvunjika vipande vitatu. Moto haukuwaka. Wengi waliumia, lakini hakufa hata mmoja.

Habari ile iliwafundisha mafundi kwamba kutazama hakutoshi: sharti kupapasa bawa kwa mkono. Barafu kidogo isiyoonekana iliangusha ndege kubwa. Na watu waliotulia, kila mmoja akifanya kazi yake, waliokoa wote.

Maulizo:
1. Kwa nini maji yaliganda juu ya mabawa?
2. Kwa nini mafundi hawakuiona barafu?
3. Injini zilizimika kwa sababu gani?
4. Ni nani waliosaidia kuokoa watu? Kila mmoja alifanya nini?