SOMO LA AFYA: SIGARA, VVU NA MAPAFU YETU



Tulikuwa tumeandaa somo la samadi. Tumeliweka kando kwanza, kwa sababu ya jambo lililotokea katika darasa moja la hapa Maganzo.

Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, anaishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Ametupa ruhusa tuandike habari zake, ila jina tusilitaje. Dawa zake anameza kila jioni. Siku ya kliniki haimpiti. Basi, mwenzetu huyo akaanza kukohoa. Yeye alisema ni vumbi la machimbo, maana alikuwa amerudi karibuni kutoka Geita kwenye dhahabu. Mkewe alisema ni dawa zimemchosha mwili. Na sisi walimu wake tulisema ni mafua, yatapita. Wote tulikosea. Alipopimwa makohozi, alikutwa na kifua kikuu, yaani TB. Nesi alimwuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Akajibu, "Kumi tu, sista. Sigara nayo ni ugonjwa?"

Swali lake ni zuri. Tulijibu.

Hebu vuta pumzi, uishike kidogo. Hewa imepita puani, ikashuka kwenye koo, ikaingia katika mapafu mawili yaliyo kifuani. Ndani ya mapafu kuna njia nyingi zinazogawanyika kama matawi ya mbuyu. Mwisho wa matawi hayo kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Katika vifuko hivyo damu inachukua hewa safi na kuacha hewa chafu. Sasa achia pumzi.

Hewa inaingia na vumbi na vijidudu pia. Kwa hiyo mapafu yana ulinzi wake. Sisi watu wa Shinyanga tunajua ulinzi wa sungusungu, ulioanza katika vijiji vyetu miaka ya 1980. Wako wanaokesha njiani. Yuko anayepuliza filimbi. Filimbi ikilia, kijiji kizima kinatoka. Mwili nao uko hivyo hivyo. Walinzi wa njiani ni vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinafagia uchafu na kuupandisha juu pamoja na kamasi ili tuuteme. Ndani zaidi kuna chembe hai zinazomeza vijidudu. Na katika damu kuna chembe nyeupe zinazoitwa CD4. Hizi ndizo wapuliza filimbi. Zinawaita wengine waje kupigana.

Moshi wa sigara unawalaza wale walinzi wa njiani. Vinyweleo vinalemaa, kamasi inajaa, ndiyo maana mvutaji anaamka asubuhi akikohoa. Akiendelea miaka mingi, kuta za vile vifuko zinaharibika. Vifuko vilivyoharibika havirudi tena. Mtu anapanda mlima mdogo tu, anahema kama aliyebeba gunia la pamba. Halafu kuna saratani ya mapafu. Madaktari wa Uingereza walikwisha kuonyesha tangu mwaka 1950 kwamba sigara na saratani hiyo vinakwenda pamoja.

VVU navyo vinafanya nini? Vinashambulia wapuliza filimbi. Adui akiingia, hakuna anayeita. Dawa za kufubaza VVU, ambazo zimetolewa bure nchini kwetu tangu mwaka 2004, zinavizuia virusi visizaliane. CD4 zinaongezeka, mtu anapata nguvu, analima, analea watoto wake. Lakini dawa haviondoi virusi vyote. Vingine vinajificha, hata ndani ya mapafu. Kwa hiyo mapafu ya mwenye VVU yanachakaa mapema kuliko ya mtu mwingine, hata kama anameza dawa vizuri. Ndiyo sababu sigara inamwumiza yeye zaidi.

Sasa tuunganishe. VVU wamemnyang'anya mtu filimbi, sigara imewalaza walinzi. Adui anayengoja nafasi hiyo ni TB. Watu wengi wana vijidudu vya TB vilivyolala mwilini na hawaumwi. Katika watu 100 wa namna hiyo, wanaougua maishani mwao ni 5 hadi 10 tu. Mvutaji hatari yake inakuwa kama mara mbili. Mwenye VVU hatari yake inazidi mara 10. Mwenye vyote viwili, hesabu hiyo mnaiona wenyewe. Duniani kote, TB ndiyo inayoongoza kwa kuua watu wenye VVU.

Kwa vijana wetu wanaotoka hapa kwenda Geita, kuna la tatu: vumbi la mawe ya dhahabu. Jiwe likichorongwa kwenye duara au likisagwa kwenye karasha, linatoa vumbi laini kama unga. Vumbi hilo likifika chini ya mapafu linakwama humo na kuacha makovu, na makovu hayo yanaipa TB nafasi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Kumwagia jiwe maji kabla ya kulipasua kunasaidia zaidi. Tunajua maji machimboni yanauzwa. Hata hivyo, tunasema.

Pia tumesikia maneno ya kambini. Wengine wanaogopa kupokezana kipisi na mwenye VVU, eti watavipata. VVU haviambukizwi kwa kipisi cha sigara. Lakini TB inaambukizwa kwa hewa. Watu sita wakijifungia katika kibanda kisicho na dirisha, wanavuta na kukohoa usiku kucha, mmoja akiwa na TB anaweza kuwapa wengine. Yaani wanaogopa kipisi, hawaogopi kibanda! Na akina mama wanaopika kwa kuni ndani ya jiko lililofungwa, moshi ule nao si rafiki wa mapafu.

Wako watakaosema, "Mimi nina VVU tayari, sigara itanifanya nini tena?" Huko Denmark, ambako wenye VVU wanatibiwa vizuri, wataalamu walifanya hesabu na kuitangaza mwaka 2013. Waliona kwamba mwenye VVU wa miaka 35 anayevuta sigara anapoteza zaidi ya miaka 12 ya maisha kwa ajili ya sigara. Kwa ajili ya VVU vyenyewe anapoteza kama miaka 5. Someni tena sentensi hizo mbili, polepole. Dawa inamrudishia mtu miaka, na sigara inaichukua.

Sasa habari za kikohozi. Asiye na VVU akikohoa wiki mbili, aende zahanati. Mwenye VVU asingoje wiki mbili. Akikohoa hata siku chache, au akipata homa, au kutoka jasho jingi usiku, au kukonda, aende na aseme wazi kwamba anataka kupimwa TB. Asingoje kukohoa damu. Mwenye VVU anaweza kuwa na TB bila damu na bila makohozi mengi.

TB inapona, hata kwa mwenye VVU. Dawa ni bure, na kwa kawaida zinamezwa miezi 6. Mkojo utakuwa na rangi ya machungwa. Msiogope, ni dawa tu. Wengi wanaotumia kidonge kimoja cha VVU kwa siku wataambiwa waongeze kingine wakati wa matibabu ya TB, kwa kuwa dawa moja ya TB inapunguza nguvu ya kile cha kwanza. Asiye na TB lakini ana VVU aulize kliniki kuhusu dawa ya kuzuia TB.

Mwenzetu sasa yuko mwezi wa nne. Uzito umerudi. Sigara ameacha mara mbili. Mara ya kwanza alishindwa kwenye harusi ya shemeji yake. Mara hii amemwambia mkewe, amewaambia wenzake wa darasani, na kiberiti amekiacha jikoni kwa mama watoto. Anasema wiki mbili za mwanzo ndizo kali. Anakuwa na hasira, usingizi haupati, mkono unatafuta mfuko wa shati wenyewe. Anatafuna karanga. Na asubuhi, anasema, bado anakohoa kidogo, lakini anafika kisimani bila kusimama njiani.

ZOEZI

Someni pamoja, kisha mzungumze.

1. Kwa nini mwenzetu, mkewe na walimu wake hawakufikiri habari za TB?

2. Katika kijiji chenu, mtu mwenye VVU anaweza kusema wazi kwamba anakohoa? Kama hawezi, anamwogopa nani?

3. Hesabu. Mtu anavuta sigara 10 kwa siku. Kwa siku 30 ni ngapi? Kwa siku 365? Zidisha kwa bei ya sigara moja dukani kwenu, kisha andika jibu katika daftari lako.