Taa ya pikipiki: mbele ya kununua ampuli kali, tafuta mwangaza uliopotea

Wakati wa mavuno ya kahawa kazi haiishi pamoja na jua. Matunda mekundu yanachumwa tangu asubuhi, yanachaguliwa mchana, na yanapaswa kumenywa siku ile ile. Yakilala ndani ya mifuko yanaanza kuchacha, na kahawa inapoteza ladha na bei. Ndiyo maana pikipiki zetu nyingi zinafika kwenye kituo cha kuosha kahawa usiku.

Msimu uliopita, motari wa koperative yetu alilalamika kwamba taa yake inaangaza kama mshumaa. Tulichanga pesa, akanunua sokoni ampuli ya gari, wati 60/55. Usiku wa kwanza tulifurahi wote. Usiku wa tatu, alikuwa katikati ya mlima na mifuko miwili nyuma, taa ikazimika kabisa. Mahali ampuli inaingia palikuwa pameyeyuka. Alisukuma pikipiki mpaka kijiji cha karibu, kahawa ikalala njiani, na asubuhi kituo kikaikataa. Hasara ile haikuwa ya motari peke yake. Jamaa mbili zilichuma siku nzima bure.

Kosa lilikuwa letu sisi wote. Hatukuuliza kwanza juu ya nini taa ilikuwa hafifu.

1. Juu ya nini ampuli ile iliunguza?

Pikipiki nyingi za 100 mpaka 150 tunazotumia zinatoka na ampuli ya volti 12, wati 35/35. Tukigawanya wati kwa volti, tunapata ampere zinazopita ndani ya waya. Wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampere 3. Wati 60 ni ampere 5. Lakini joto ndani ya waya halipandi sawasawa na ampere, linapanda mbio zaidi: kwa ampuli ile ya gari, waya ilipata joto karibu mara tatu. Tena mota ndogo inatoa umeme kidogo. Taa ikikula zaidi, batri haijai, na asubuhi pikipiki haiwaki.

Ampuli ya gari inafanana sana na ya pikipiki, ni rahisi kuiingiza. Usiangalie sura tu. Soma wati zilizoandikwa kwenye chuma chake.

2. Mwangaza unapotea wapi?

Volti zikipungua kidogo, mwangaza unapungua sana. Kama kwenye batri kuna volti 12 lakini kwenye ampuli zinafika 10.8 tu, taa inapoteza karibu sehemu tatu kwa kumi ya mwangaza wake. Kwa hiyo fanya kazi hii mbele ya kutoa franka hata moja:

– Osha kioo cha taa kwa maji na sabuni. Kama kimekuwa cha manjano au kimekwaruzwa sana, kibadilishe.
– Fungua taa, angalia kioo cha ndani kinachorudisha mwangaza. Kama kimekuwa cheusi au kina kutu, hakuna ampuli itakayokisaidia.
– Chomoa waya za taa moja moja. Penye kutu, sugua polepole kwa msasa laini, kisha rudisha na kukaza.
– Usisahau waya ya masi, ile inayofungwa kwenye chuma cha pikipiki. Ikilegea au ikishika kutu, taa inafifia.
– Omba fundi apime volti kwenye batri, kisha kwenye ampuli, taa ikiwa inawaka na mota inazunguka. Hesabu mbili zikiachana sana, ugonjwa uko kwenye waya.

Kwetu, kusugua waya ya masi na kuosha kioo kulirudisha mwangaza mwingi. Kazi yote ilichukua nusu saa.

3. Kama bado unataka ampuli mpya

Ampuli ya halojeni ichukue wati zile zile za pikipiki, 35/35. Usiishike kwenye kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaunguza kioo chake, na ampuli inakufa mapema. Tumia kitambaa safi.

Ampuli ya LED inakula umeme kidogo na inaweza kuangaza zaidi, lakini jaribu kwanza jambo moja. Funga mota, weka kontakti, washa taa. Ikiwaka vizuri, kwa kawaida inapata umeme wa batri, na LED inaweza kufaa. Kama inawaka tu mota ikizunguka, na inaongezeka ukivuta gesi, umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye mota. LED ya kawaida itapepesa au itakufa. Muulize fundi ile inayokubali umeme wa namna hiyo. Tena LED mbaya inatupa mwangaza pande zote na kuacha njia gizani. Ijaribu usiku mbele ya ukuta, na patana na muuzaji kuirudisha kama haifai.

4. Elekeza taa pamoja na mzigo

Mifuko ya nyuma inashusha mkia wa pikipiki na kuinua taa. Inaangaza miti na macho ya wengine, lakini mashimo hayaonekani. Weka pikipiki mahali pa tambarare, metre 5 kutoka ukutani, motari akiwa juu na mzigo wa kawaida ukiwa nyuma. Chora alama ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Taa ya chini (kode) iangaze sentimetre 5 mpaka 10 chini ya alama ile. Kaza vizuri. Ukipishana na mtu, rudi kwenye kode.

5. Taa haishindi mwendo

Kwa kilometre 40 kwa saa, unapita metre 11 kila sekunde. Kama kode inakuonyesha metre 25 mbele, una sekunde mbili tu za kuona ng'ombe, kufikiri na kufunga breki. Katika mvua na matope, hazitoshi. Punguza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

– Ni pikipiki ngapi za koperative yetu ziko na taa inayofaa leo?
– Nani atazipima kila mwezi wakati wa mavuno, na pesa ya fundi itatoka wapi?
– Je, tunaweza kuanza kuchuma mapema zaidi ili pikipiki ya mwisho ifike mbele ya giza?

Swali hilo la mwisho tulijiuliza sisi pia. Sasa mizani yetu inafungwa saa kumi za jioni. Taa nzuri tunaitunza, lakini usiku tunautumia kidogo.