Oili ikivuja ekseli ya nyuma: somo la Beetle kutoka Anderlecht

Safari hii sina habari za viza wala za mitihani. Nataka niwafundishe jambo moja la gereji, kwa sababu lilikaribia kunitoa roho, na kwa sababu najua wengi wenu nyumbani mna baba au mjomba mwenye gari la zamani ambalo halimtoki moyoni.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966, mali ya mwenye nyumba ninayopanga hapa Anderlecht. Tulikubaliana: mimi nalitunza, yeye ananipunguzia kodi. Beetle si mgeni huku. Kuanzia 1954 zilikuwa zinaunganishwa na D'Ieteren pale Forest, manispaa jirani kabisa, katika kiwanda ambacho baadaye kilikuwa cha Audi na kikafungwa mwaka 2025. Wala si mgeni kwetu: ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na tena 1962, kwenye matope ya Afrika Mashariki, na magari makubwa yakiachwa nyuma.

Basi siku moja nikaona gurudumu la nyuma kushoto limelowa kwa ndani. Nikabadilisha sili, nikajipongeza. Wiki mbili baadaye nateremka kutoka Scheut, mvua inanyesha, nakanyaga breki, gari linavutwa kulia, matairi juu ya reli za tramu. Lilisimama, ila si mahali nilipotaka. Kumbe oili ilikuwa imerudi, na breki ya kushoto ilikuwa inateleza kama samaki.

Kwanza tuelewe kwa nini inakuwa hivyo. Beetle nyingi za zamani, na hii ikiwemo, zina ekseli za aina ya kupepea: gia boksi iko katikati, na kila upande linatoka bomba ambalo ndani yake ekseli inazunguka. Bomba hilo linapanda na kushuka pamoja na gurudumu. Oili ya gia boksi yenyewe ndiyo inayotiririka ndani ya bomba mpaka kwenye beringi ya gurudumu. Hakuna grisi pale. Kwa hiyo kati ya oili yote hiyo na breki zako kuna kizuizi kimoja tu, sili ya mpira ya bei ya chakula cha mchana. Ikishindwa, oili inaingia kwenye ngoma ya breki.

Lakini kabla hujafungua chochote, hakikisha ni oili kweli. Mafuta ya breki nayo huvuja pale pale, kutoka kwenye silinda ndogo ya gurudumu. Kuna mtihani rahisi sana: chukua kidogo kwenye kidole, tia ndani ya maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji na kupotea. Oili ya gia inaelea, na harufu yake ni ya kiberiti, haisahauliki. Mimi nilipima, ilikuwa oili. Hapo sikukosea.

Nilikosea baadaye. Baada ya yale ya Scheut nilipeleka gari mtaa wa Heyvaert, kule karibu na machinjio, mtaa uliojulikana miaka mingi kwa magari ya mitumba yanayosafirishwa Afrika kupitia bandari ya Antwerpen. Nilikwenda kuazima soketi ya milimita 36, maana nati ya ekseli ni kubwa hivyo. Papa mmoja wa Bukavu, fundi wa siku nyingi, akaja nayo mwenyewe. Nilipomwonyesha sili niliyoitia, mpya kabisa, akacheka.

"Mutoto yangu," akasema, "hii sili haina kosa. Leta ile pete."

Pete aliyoitaka ni bushi ya chuma inayovaliwa na ekseli na kuzunguka pamoja nayo. Mdomo wa sili unalala juu yake. Akapitisha ukucha wake taratibu, ukakwama. Akanipa nami nijaribu. Miaka mingi ya mpira kusugua chuma ilikuwa imechonga mfereji mwembamba kuzunguka pete nzima, na sili mpya ilikuwa imekaa juu ya mfereji huo huo. Hata ungetia sili kumi, oili ingepita. Ukucha ukikwama, pete ibadilishwe. Ikiwa ni alama ndogo tu, msasa laini sana unaweza kusaidia, lakini kwa breki mimi sijaribu bahati tena.

Kosa la pili lilinishangaza zaidi. Kifuniko kinachoshika sili, kile cha boliti nne, kina tundu upande wa chini. Walioliunda gari hili walijua kwamba siku moja sili itachoka, kwa hiyo wakaweka njia ya oili kutoka nje, nyuma ya ngoma, ili isifike kwenye breki. Tundu la kwangu lilikuwa limezibwa na tope lililokuwa gumu kama saruji. Papa alilizibua kwa waya. Kama lingekuwa wazi, ningeona oili chini ya gari kwanza, kabla breki hazijalowa. Ukirudisha kifuniko, tundu liwe chini. Ukilielekeza juu, ni sawa na kutokuwa nalo.

Kazi yenyewe basi. Nati legeza gari likiwa bado chini, gia ya kwanza imeingia, magogo mbele na nyuma ya matairi. Hendibreki usiitegemee, imelowa oili. Ukishalegeza, ndipo upige jeki na kuweka stendi. Upande unaofanyia kazi ukiwa juu, oili inakimbilia upande wa pili, hutamwaga nyingi. Ngoma ikitoka, usipulize vumbi! Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu 2005. Lowesha, futa kwa tambara, funga tambara kwenye mfuko. Viatu vya breki vilivyokunywa oili ni vya kutupa. Najua nyumbani tunaviosha kwa petroli na kuvichoma moto kidogo. Oili imeingia ndani ya bitana, ikipata joto inarudi juu. Badilisha, na ubadilishe pande zote mbili.

Ndani ya kifuniko utakuta gasketi ya karatasi na pete mbili za mpira, kubwa na ndogo. Zote mpya. Sili mdomo wenye springi unaelekea ndani, kwenye oili, nao upakwe oili kidogo kabla. Iingize kwa kipande cha mbao, pole pole, isipinde.

Halafu nati. Inatakiwa ikazwe kama Nm 300, na hapa fizikia ya kidato cha nne inatosha: mtu wa kilo 60 akisimama kwenye bomba, nusu mita kutoka kwenye nati, anatoa karibu kiasi hicho. Gari liwe chini tena wakati huo. Tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi mpaka lilingane, usirudishe nyuma kamwe. Nati iliyolegea inaacha ngoma icheze kwenye meno ya ekseli, na meno yakiisha gurudumu halina tena kinachoendesha.

Oili ni SAE 90 ya daraja la GL-4, kama lita 2.5 hivi kwa gia boksi nzima. Mimina taratibu, gari likiwa sawasawa. Itafurika mapema ikudanganye kwamba imejaa, kumbe bado inatafuta njia ya kwenda kwenye mabomba. Subiri, ongeza. Lakini usizidishe, ikizidi itatafuta sili tena. Oili chafu ilipelekwa Recypark, si kwenye mtaro.

Wenye Land Rover za zamani, mambo yenu ni tofauti kidogo: oili inatoka difu, na juu ya nyumba ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Kikizibwa, joto linasukuma oili ipite sili hata kama ni nzima. Anzieni hapo.

Nimeweka kipande cha katoni chini ya Beetle kila usiku kwa wiki tatu sasa. Kushoto pakavu. Jana asubuhi kulia palikuwa na doa moja, ukubwa wa sarafu ya senti 2. Soketi ya 36 bado ninayo.